Sahihi ikikataliwa, msikimbilie kumwita karani mghushi

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita, katika ukurasa wa biashara, mwandishi wako alieleza habari za ankara za kielektroniki na akahitimisha kwamba mfumo ukiikataa sahihi ya kidijitali, basi hati imechezewa na hakuna mjadala. Mjadala upo. Nimeufanya mezani kwa watu waliokwisha kuamua nani mwizi, na naomba nafasi gazetini mwako niufanye tena, kwa sababu sentensi ile ikiachwa ilivyo kuna mtu atakuja kupoteza kazi kwa ajili yake.

Mimi ni mama mtengeneza programu. Ofisi yetu ipo Kurasini, jirani na mawakala wa forodha, na kazi yangu ni kuifanya mifumo ya kampuni mbalimbali ielewane: wa muuzaji, wa wakala, wa bima, wa benki. Hati nyingi zinazopita humo ni za XML, yale maandishi yaliyojaa mabano ya pembe ambayo binadamu anaweza kuyasoma akijilazimisha.

Karani mmoja wa kampuni ya uwakala, ambayo sitaitaja, alipewa barua ya kujieleza. Ankara ya vipuri ilitoka kwa muuzaji wa Ulaya ikiwa na sahihi ya kidijitali. Kijana akaipitisha kwenye mfumo wa ofisi kwenda kwa mteja, na mfumo wa mteja ukatoa maandishi mekundu: sahihi batili, hati imebadilishwa. Bosi wake alisoma neno "imebadilishwa" na akaishia hapo. Kijana akanifuata na rundo la karatasi alizochapa kama ushahidi (karatasi, Mhariri! sahihi ya kidijitali haichapiki, lakini nilimwelewa), akasema, "Dada, hiyo faili mimi hata kuifungua sikuifungua. Niliituma kama ilivyokuja."

Alisema kweli, na kulithibitisha hilo hakukuhitaji mganga. Barua pepe ya muuzaji ilikuwa bado ipo kwenye seva. Nilichukua ankara iliyoambatishwa humo, nikachukua na ile iliyofika kwa mteja, nikaziweka zote mbili katika umbo ambalo kompyuta hulikokotoa wakati wa kutia sahihi, kisha nikazilinganisha baiti kwa baiti, yaani alama kwa alama kama kompyuta inavyozihifadhi. Bei ile ile. Idadi ya beringi ile ile. Namba ya akaunti ya benki, ambayo mwizi yeyote angeanza nayo, ile ile. Tofauti ilikuwa moja tu: kwenye lebo ya kwanza ya ankara (lebo ni jina lililo ndani ya mabano ya pembe) palikuwa na tamko la ziada, xmlns:bh, likifuatiwa na anwani ya bahasha ya mfumo wa wakala, ambayo nitaieleza hapa chini. Hakuna mtu aliyeliandika pale. Lilijitokeza kwenye memori ya kompyuta wakati wa uhakiki. Barua ya kujieleza ilifutwa, ingawa hakuna aliyemwomba radhi kijana.

Sasa nieleze linavyotokea, na wasomaji wasiopenda hesabu wanivumilie.

Sahihi ya kidijitali haitiwi kwenye maana ya hati, hutiwa kwenye baiti zake. Kompyuta huzipitisha baiti zote katika kanuni kama SHA-256 na kupata heshi, yaani namba moja ndefu ya baiti 32, na hiyo heshi ndiyo inayofungwa kwa ufunguo wa siri wa mwenye hati. Ukibadilisha nukta moja, heshi inakuwa nyingine kabisa. Wala haikwambii kama kilichobadilika ni nukta au ni shilingi milioni kumi. Kwake yote ni sawa.

Tatizo la XML ni kwamba hati moja inaweza kuandikwa kwa namna nyingi bila maana yake kuguswa. Sifa za elementi (elementi ni kipande cha hati kinachofunguliwa na kufungwa kwa lebo, na sifa ni maelezo yaliyo ndani ya lebo hiyo) zinaweza kupangwa hivi au vile, nukuu zikawa za alama moja au mbili, elementi tupu ikafungwa kwa mkato au kwa lebo mbili. Ndiyo maana Machi 2001 W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, kilitoa kiwango kiitwacho Canonical XML: kanuni za kuisanifisha hati, yaani kuiweka katika umbo moja, kabla ya kuikokotoa. Maandishi yawe UTF-8, nukuu ziwe za alama mbili, sifa zifuate mpangilio mmoja, elementi tupu ipate lebo mbili, na maelezo ya pembeni, yale ya kusomwa na binadamu tu, kwa kawaida yaondolewe. Hayo si magumu. Mwanafunzi makini wa chuo anaweza kuyaandikia programu akamaliza wikiendi hiyo hiyo. Penye miiba ni kwenye nemspesi, yaani anwani zinazoonyesha kila jina ni la kundi gani.

Nemspesi ziliingia katika XML mwaka 1999 ili majina yasigongane. Ankara ya yule kijana ilikuwa ya muundo wa UBL 2.1, kiwango cha hati za biashara, na humo kuna elementi kama cbc:ID na cac:Party. Herufi cbc na cac ni viambishi tu. Jina kamili nyuma ya cbc ni urn:oasis:names:specification:ubl:schema:xsd:CommonBasicComponents-2, na hutangazwa kwa neno xmlns mara moja juu kabisa ya hati, kisha elementi zote zilizo chini yake hurithi. Ni kama ukoo: jina la babu likishajulikana nyumbani, wajukuu hawalirudii kila wakifungua mdomo. Swali linakuja mjukuu anaposafiri. Aende na majina yapi?

Kanuni ya 2001 inajibu: yote. Ukichukua kipande cha hati ukakisanifisha, kinabeba kila tamko la nemspesi lililokuwa juu yake, liwe linatumika ndani yake au halitumiki. Muuzaji alipotia sahihi, ankara ilikuwa peke yake, haina mzazi. Mfumo wa wakala ukaitia ndani ya bahasha, yaani elementi nyingine ya juu iliyoanza hivi: <bh:Bahasha xmlns:bh="...">. Mteja akaihakiki ikiwa bado imo ndani ya bahasha. Kanuni ikafanya ilivyoagizwa, ikalivuta tamko la bh na kulibandika kwenye lebo ya Invoice, ile ya kwanza ya ankara. Baiti zikaongezeka, heshi haikulingana, na ankara yenyewe hakuna aliyeigusa.

Wala haikuwa ankara peke yake. Ndani ya sahihi ya XML kuna elementi iitwayo SignedInfo, inayobeba heshi pamoja na maelezo ya kanuni zilizotumika, na hiyo ndiyo hasa inayotiwa ufunguo. Nayo husanifishwa palepale ilipo. Nayo ilirithi bh. Kwa hiyo mfumo ulikataa kotekote, heshi na sahihi, na bosi akaona ushahidi umekuwa wa mashahidi wawili.

W3C waliliona tatizo hili mapema. Julai 2002 walitoa kiwango cha pili, Exclusive XML Canonicalization, ambacho kinasema mjukuu aende na majina anayoyatumia waziwazi tu. Kiambishi kikionekana kwenye jina la elementi au la sifa yake, tamko lake huandikwa hapo. Kisipoonekana, huachwa. Kwa kanuni hiyo ankara ile ingepita ndani ya bahasha ya mtu yeyote bila kustuka. Lakini muuzaji alikuwa ametumia ile ya mwanzo, na inawezekana hata hakuichagua, kwa kuwa mtu asipotaja kanuni ya kusanifisha sehemu iliyotiwa sahihi, kiwango cha XML Signature cha 2002 kinaangukia Canonical XML 1.0 bila kuuliza.

Nirudi kwenye memori, kwa sababu huko ndiko ninakowaona mafundi wenzangu wakiumia, na makarani wakiumia kwa ajili yao. Programu inayosoma XML hujenga kwenye memori mti wa nodi, yaani vipande vilivyounganishwa mzazi kwa mtoto. Katika mti wa aina ya DOM, ambayo ni namna iliyozoeleka ya kuupanga, habari za nemspesi hukaa mahali pawili. Kila elementi inabeba ndani yake kiambishi na anwani ya nemspesi yake. Papo hapo, tamko la xmlns lililosomwa kutoka kwenye faili huhifadhiwa kama sifa ya elementi iliyolibeba. Mahali pawili panaposema jambo moja, siku moja patatofautiana. Ukiunda elementi mpya kwa amri ya createElementNS, mahali pa kwanza panajazwa na pa pili panabaki patupu. Kwa DOM mti huo ni halali kabisa. Lakini programu ya kusanifisha inayotafuta matamko kwenye sifa haioni kitu, inaandika lebo isiyo na xmlns, heshi inakokotolewa juu ya hilo, na sahihi inatiwa. Kisha inakuja programu ya kuandika faili. Hiyo ina roho nzuri: inaona tamko linakosekana, inaliongeza. Hati inatoka mlangoni na sahihi isiyokuwa yake, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea popote.

Wanaotumia lugha ya Java wana jingine. DocumentBuilderFactory, chombo chao cha kusomea XML, kwa kawaida yake haijali nemspesi, na usipoiagiza setNamespaceAware(true), kwake cbc:ID ni jina tu lenye nukta mbili katikati. Mti unajengwa, thamani zinasomeka, majaribio yanapita, na anayekuja kugundua ni mteja. Ningekuwa na mamlaka ningeigeuza kawaida hiyo leo hii.

libxml2, maktaba ya kusoma XML ambayo lugha nyingi za programu huiegemea, imechukua njia nyingine. Tamko ni rekodi moja iliyofungwa kwenye elementi iliyolitangaza, na elementi za chini huielekea kwa pointa, yaani kielekezi cha mahali ilipo kwenye memori. Kwa memori ni nafuu kubwa. Ila ukikata tawi ukalihamishia kwenye mti mwingine bila kuzipatanisha pointa, tawi linaendelea kuelekea rekodi iliyobaki kwenye mti wa zamani. Mti ule ukifutwa, pointa inaelekea patupu. Hapo ukipata bahati programu itaanguka. Usipoipata, itaendelea.

ElementTree, maktaba ya XML ya lugha ya Python, nayo huhifadhi anwani kamili na kuvitupa viambishi vya asili, hivyo ukiiandika hati upya bila kuviandikisha, cbc inarudi ikiitwa ns0. Kimaana hakuna kilichobadilika. Kisahihi mambo yamekwisha, kwa sababu kanuni zote mbili nilizozitaja huviacha viambishi kama zilivyovikuta.

Watu huniuliza kwa nini kanuni zisivibadilishe tu viambishi vyote viwe vya aina moja, tukalala usingizi. Ni kwa sababu kiambishi hakikai kwenye majina ya elementi peke yake. Utakuta xsi:type="xs:string", ambapo xs imo ndani ya thamani, na kwa programu ya kusanifisha thamani ni maandishi kama maandishi mengine. Ukibadilisha kiambishi juu na kukiacha ndani ya thamani, umeivunja hati. Hapohapo ndipo kanuni ya Exclusive nayo ina tundu: xs haihesabiwi kuwa imeonekana, kwa hiyo tamko lake linaachwa nje ya sahihi, na mtu aliyeshika bahasha anaweza kuifanya xs iwe na maana nyingine bila sahihi kulalamika. Dawa imo kwenye kiwango chenyewe. Inaitwa InclusiveNamespaces, na ina orodha ya PrefixList ya kutaja viambishi vinavyopaswa kubebwa hata kama havionekani. Ni nadra kumkuta fundi aliyeijaza bila kusukumwa.

Kwa anayeandika programu ya kusanifisha, ninayoiamini mimi ni njia ya orodha mbili zinazokua na kupungua. Ya kwanza inaweka matamko yanayofanya kazi katika hati inayosomwa, ya pili inaweka yale yaliyokwisha kuandikwa kwenye matokeo. Ukiingia kwenye elementi unaongeza, ukitoka unarudi pale ulipokuwa. Tamko linaandikwa tu pale orodha ya pili inapokuwa haina kiambishi hicho chenye anwani hiyo hiyo. Na xmlns="" iandikwe tu iwapo mzazi wa karibu aliyeandikwa alikuwa na nemspesi ya msingi isiyo tupu; kanuni hii moja ndogo imewaliza watu wazima. Wanaofuata mfano wa XPath, lugha ya kutafuta vipande ndani ya XML, neno kwa neno humpa kila elementi nakala zake za nodi za nemspesi. Ankara ya UBL yenye elementi 5,000 na nemspesi nne inazaa nodi 20,000 za kurudia habari ile ile, kabla hujaihesabu ile ya xml ambayo kila elementi inayo. Kwenye seva kubwa hutaiona tofauti. Kwenye kompyuta ya wakala mdogo yenye memori ya kuokoteza, mfumo unaganda mchana kweupe foleni ikiwa nje.

Nusu ya pili ya hoja ya mwandishi wako, kwamba sahihi ikikubaliwa basi hati ni salama, nayo siikubali. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum, Ujerumani, na wenzao waliijaribu mifumo 14 ya SAML, ile inayomwezesha mtu kuingia kwenye huduma nyingi kwa akaunti moja. Mifumo 11 ilidanganyika. Hila ilikuwa kukihamisha kipande chenye sahihi halali mahali pengine ndani ya hati na kuweka cha uongo mahali pake. Mhakiki alikipata kipande cha kweli na kuridhika, na programu ya pili ikasoma cha uongo. Mwaka 2018 kampuni ya Duo ya Marekani ikatangaza jingine, linalotokana moja kwa moja na usanifishaji. Kwa kuwa maelezo ya pembeni huondolewa kabla ya heshi, mtu anaweza kuyachomeka katikati ya jina la mtumiaji bila sahihi kuvunjika. Baadhi ya programu zilisoma jina mpaka yalipoanzia maelezo zikaishia hapo. Aliyejiandikisha kwa jina refu lenye jina la mwenzake mwanzoni akaingia kama mwenzake. Sahihi ilikubali muda wote.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inataka ushahidi wa kielektroniki upimwe kwa kuangalia uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na namna uzima wake ulivyolindwa. Bahasha ya wakala ni sehemu ya kusafirishwa, na mti ndani ya memori ni sehemu ya kusafirishwa pia, hata kama unaishi nusu sekunde. Wakili anayemtetea karani ana haki ya kuuliza hati ilihakikiwa ikiwa ndani ya bahasha au nje, kwa kanuni ipi ya kusanifisha, na baiti za asili zipo wapi. Kampuni ikijibu kwamba baiti za asili ilizifuta ikabaki na nakala iliyoandikwa upya na mfumo wake, basi imeuharibu ushahidi wake kwa mkono wake.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Gazeti lako lirekebishe ile sentensi. Wanaotoa miongozo ya kuunganisha mifumo waitaje kanuni ya kusanifisha kwa anwani yake kamili, badala ya kuandika "hati itiwe sahihi" na kutuachia kubahatisha. Wanaoandika mifumo ya kupokea waihifadhi faili kama ilivyofika kabla ya kuigusa, na waihakiki kabla ya kuihamishia kwenye mti mwingine wowote. Na yale maandishi mekundu yabadilishwe. Mashine inachojua ni kwamba heshi hailingani, basi iseme "heshi hailingani". Neno "imebadilishwa" lina mtuhumiwa ndani yake, na mashine haikumwona.

Ankara za yule muuzaji kwa sasa tunazigeuza kuwa base64, yaani herufi na tarakimu tupu zisizosomwa kama XML, kabla ya kuziweka kwenye bahasha, kisha zinafunguliwa upande wa pili kama hati inayojitegemea, na zinapita. Nimemwandikia muuzaji mwenyewe kumwomba ahamie http://www.w3.org/2001/10/xml-exc-c14n#. Amejibu kwamba suala langu limepelekwa kwenye idara ya mauzo.

Wako,
Mtengeneza programu
Kurasini, Dar es Salaam